Kikombe cha Chumvi
Somo juu ya bei na mnunuzi

1. Siku ya soko

Katika nchi ya Wamaza, upande wa Kasongo na Kabambare, aliishi mama mmoja mjane. Alikuwa na watoto wanne, shamba la muhogo, shamba la karanga na michikichi nyuma ya nyumba. Kila siku ya soko aliuza mafuta ya mawese na karanga. Kiisha alinunua vitu visivyopatikana shambani: chumvi, sabuni, samaki wakavu na sukari.

Mwanawe wa kwanza alisoma darasa la tano. Alijua kuandika na kuhesabu, basi yeye ndiye aliyekuwa karani wa mama yake. Kila siku ya soko mama alitaja vitu, naye aliviandika katika daftari. Hesabu zote za somo hili ni za mfano, lakini mambo yenyewe huonekana katika kila soko.

Hii ndiyo hesabu yao ya siku zote:

Chumvi, vikombe 2 kwa faranga 500: faranga 1,000.
Sabuni, vipande 2 kwa faranga 800: faranga 1,600.
Samaki wakavu, mafungu 2 kwa faranga 1,000: faranga 2,000.
Sukari, vikombe 2 kwa faranga 700: faranga 1,400.
Jumla: faranga 6,000.

Mama alikuwa akipata faranga 6,000 kwa mafuta na karanga zake, naye alitumia faranga 6,000. Hakubakiwa na kitu, wala hakuwa na deni.

Ikaja siku moja ya soko, wakati wa masika makubwa. Mvua ilinyesha usiku kucha. Mama aliuza mafuta yake kwa bei ile ile, akapata faranga zake 6,000. Akaenda dukani pamoja na mwanawe.

«Karibu, mama,» alisema mwenye duka. «Leo kuna habari mbaya. Motokari ya mizigo imekwama njiani, na daraja limevunjika. Chumvi sasa ni faranga 1,000 kwa kikombe.»

Mtoto alishtuka. Akasema: «Baba, juma lililopita ilikuwa faranga 500!»

«Nyamaza, mwanangu,» alisema mama. «Biashara haigombi. Uliza kwanza bei ya vitu vingine.»

Mtoto aliuliza, akaandika. Sabuni: faranga 1,000. Fungu la samaki: faranga 1,500. Kikombe cha sukari: faranga 1,200. Kiisha wakaenda kuketi chini ya mwembe ili wahesabu. Vitu vile vile vya juma lililopita sasa vilitaka faranga 9,400. Mkononi mwa mama zilikuwamo faranga 6,000 tu. Zilipungua faranga 3,400.

2. Mama anachagua

Mama alikaa kimya kitambo. Akasema: «Chumvi siwezi kuiacha. Sombe bila chumvi watoto hawali. Andika vikombe viwili. Sabuni pia siiachi; mtoto mchanga yumo nyumbani, nguo zake zinataka kufuliwa. Samaki tutanunua fungu moja. Sukari, tutaiacha.»

Mtoto aliandika hivi:

Chumvi, vikombe 2 kwa faranga 1,000: faranga 2,000.
Sabuni, vipande 2 kwa faranga 1,000: faranga 2,000.
Samaki, fungu 1 kwa faranga 1,500: faranga 1,500.
Sukari: hakuna.
Jumla: faranga 5,500.

Zilibaki faranga 500. Mama akanunua fungu la kumbikumbi waliokaushwa. Ni mboga nzuri, nao hupatikana wakati wa mvua. Kumbikumbi wakashika mahali pa fungu la pili la samaki. Mtoto alisikitika kidogo kwa ajili ya sukari, lakini mama alimwambia: «Uji wenye karanga zilizopondwa una nguvu kuliko chai ya sukari. Na karanga tunazo.»

Tazameni sasa kazi aliyoifanya mama yule chini ya mwembe. Hakuna aliyempiga wala kumlazimisha. Bei ilibadilika tu, naye akabadili ununuzi wake. Hakupunguza vitu vyote sawasawa. Kimoja alikiacha kabisa, kimoja alikipunguza nusu, viwili hakuvigusa.

3. Kanuni ya bei

Kanuni ya kwanza ni hii: Kitu kikipanda bei, watu hununua kidogo. Kitu kikishuka bei, watu hununua zaidi. Kanuni hii huonekana katika soko dogo la kijiji na katika masoko makubwa ya Kindu, Bukavu au Dar es Salaam.

Kwa nini hivyo? Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza: fedha ya mnunuzi ni ile ile. Bei zikipanda na mkoba usiongezeke, fedha hufanya kazi ndogo. Faranga 6,000 za mama hazikupungua hata moja, lakini zilinunua vitu vichache. Ni kama kwamba mtu amemnyang'anya sehemu ya fedha yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa maskini zaidi ingawa mkononi ana fedha ile ile.

Sababu ya pili: mnunuzi hutafuta kitu kingine cha kushika mahali pa kile kilichopanda. Samaki wakipanda, atanunua kumbikumbi au maharagwe. Sukari ikipanda, atatafuta asali au atatafuna muwa. Mafuta ya taa yakipanda, ataketi karibu na moto, naye atalala mapema.

Lakini kuna kanuni ya pili, nayo ni ya kushika sana: Si kila kitu huachwa kwa urahisi sawa. Chumvi ya Wamaza ilipanda mara mbili, kutoka faranga 500 mpaka 1,000. Mama alinunua vikombe viwili kama zamani. Sukari haikufika mara mbili. Ilitoka faranga 700 mpaka 1,200. Hata hivyo mama aliiacha yote. Basi kupanda kwa bei peke yake hakutoshi kutueleza mtu atafanya nini. Ni lazima kuuliza pia: Je, kitu hiki anakihitaji namna gani? Je, kuna kingine cha kushika mahali pake?

Sukari ina mbadala wake. Chumvi haina. Hapo ndipo ilipo tofauti.

Tena kuna vitu viwili vinavyotembea pamoja kama mume na mke. Sukari ikipanda sana, majani ya chai nayo hayanunuliwi, hata kama bei yake haikubadilika. Mafuta ya taa yakipanda, tambi za taa hubaki dukani. Muuzaji wa chai hushangaa na kuuliza: «Nimekosa nini?» Hakukosa kitu. Mwenzi wa chai ndiye aliyepanda.

4. Daftari ya mwenye duka

Jioni ile mwenye duka alifunga mlango, akawasha taa, akafungua daftari yake ya mauzo. Aliandika hivi:

Chumvi. Siku ya soko ya juma lililopita: vikombe 40 kwa faranga 500. Fedha: faranga 20,000.
Chumvi. Leo: vikombe 34 kwa faranga 1,000. Fedha: faranga 34,000.
Sukari. Siku ya soko ya juma lililopita: vikombe 30 kwa faranga 700. Fedha: faranga 21,000.
Sukari. Leo: vikombe 6 kwa faranga 1,200. Fedha: faranga 7,200.

Mwenye duka alitazama hesabu ile mara mbili. Kwa sukari alipandisha bei, akapata fedha kidogo kuliko zamani, maana watu walikimbia. Kwa chumvi alipandisha bei, akapata fedha nyingi zaidi, maana watu hawakuweza kukimbia.

Watoto, simameni hapa na kufikiri. Jambo hili ni kubwa. Mwenye kuuza kitu ambacho watu waweza kukiacha, wanunuzi wenyewe humtawala. Akizidisha bei, dukani mwake hakuingii mtu. Lakini mwenye kuuza kitu ambacho watu hawawezi kukiacha, yeye ana nguvu juu yao. Chumvi, dawa, mbegu wakati wa kupanda, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitalini: hivyo ndivyo vitu ambavyo mwenye tamaa aweza kuwakamua maskini kwavyo. Basi mahali ambapo mnunuzi hana njia ya kukimbia, hapo ndipo haki inapohitajiwa zaidi.

5. Vikombe sita

Mwenye duka aliona furaha kidogo kwa fedha ile. Lakini alipotaka kufunga daftari, jicho lake lilikwama kwenye hesabu moja: 40 na 34. Vikombe sita vimepungua. Akawaza: «Ni nani wasionunua?»

Akamkumbuka mwanamke mmoja mzee aliyekuja mchana. Alishika kikombe, akauliza bei, akakirudisha taratibu, akaondoka bila kusema neno. Matajiri wa kijiji wote walinunua. Mwalimu alinunua. Mjane mwenye watoto wanne alinunua, ingawa aliacha sukari. Vile vikombe sita vilikuwa vya wale wasio na kitu cha kupunguza. Aliye na sukari huacha sukari. Aliye na chumvi tu huacha nini?

Watu wa zamani walijua kujitengenezea chumvi. Walikata majani yanayoota majini na mabwawani, wakayakausha na kuyachoma. Majivu yake waliyatia maji, wakachuja, wakachemsha maji yale mpaka yakakauka. Ikabaki chumvi ya majivu, yenye uchungu kidogo. Chumvi ya dukani ikikosekana, watu huirudia chumvi hiyo. Ni akili, nayo si ya kuchekwa. Lakini ulimi waweza kudanganywa, mwili haudanganyiki.

Chumvi nzuri ya dukani siku hizi imetiwa iodini. Iodini ni kitu kidogo sana ambacho mwili hukihitaji kila siku. Mtu akikosa iodini kwa muda mrefu, shingo yake huvimba. Uvimbe huo huitwa rovu. Mama mwenye mimba akikosa iodini kabisa, mtoto wake aweza kuzaliwa na akili nzito, au bila kusikia na kusema. Nchi za milimani na za bara mbali na bahari ndizo zenye hatari hiyo. Katika Kongo madaktari walijifunza sana ugonjwa huo kwenye kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, ambako watu wengi walikuwa na rovu. Kwa sababu hiyo chumvi yenye iodini ilienezwa katika nchi nzima tangu miaka ya 1990, na ugonjwa ukapungua sana.

Chumvi ya majivu haina iodini ile ya kiwandani. Basi fahamuni: bei ya kikombe ikipanda, hasara haikai dukani. Yaweza kufika mpaka shingoni mwa mama, na mpaka akilini mwa mtoto ambaye hajazaliwa bado. Ndiyo maana mtu mwenye hekima anapoacha kitu, hauliza tu, «Ni kipi kilicho rahisi?» Huuliza pia, «Hiki kinachoshika mahali pake, chafanya kazi ile ile?» Kumbikumbi wamefanya kazi ya samaki. Karanga zimefanya kazi ya sukari, hata kuipita. Lakini majivu hayawezi kufanya kazi yote ya chumvi. Wahenga walisema: Rahisi ghali.

6. Wafalme na chumvi

Si wenye maduka tu waliojua nguvu ya chumvi. Wafalme pia waliijua tangu zamani. Walisema: «Tukitoza kodi juu ya vitu vya anasa, watu wataviacha. Tukitoza juu ya chumvi, lazima watalipa.» Katika Ufaransa ya zamani wafalme walitoza kodi ya chumvi, na watu waliichukia sana. Ilifutwa mwaka 1790, wakati wa mapinduzi, ingawa baadaye ilirudishwa.

Katika Uhindi Waingereza nao walitoza kodi ya chumvi, wakakataza watu kujitengenezea. Mwaka 1930 Mohandas Gandhi aliondoka nyumbani kwake Sabarmati tarehe 12 Machi, pamoja na wafuasi wake. Walitembea kwa miguu kilometa zipatazo 385 mpaka Dandi, kando ya bahari. Tarehe 6 Aprili Gandhi aliokota chumvi pwani kwa mkono wake. Kwa tendo hilo alivunja amri, bila kumpiga mtu. Maelfu ya watu wakamfuata, na wengi wakatiwa gerezani.

Kwa nini Gandhi alichagua chumvi, wala si sukari au hariri? Kwa sababu tajiri na maskini hutia chumvi karibu sawa katika chungu. Kodi yake humgusa tajiri kama unyoya, na humlemea maskini kama jiwe.

7. Je, mwenye duka ni mwizi?

Mtoto wa mjane alipofika nyumbani alisema: «Mama, yule baba ametuibia.» Mama akamjibu: «Usimhukumu mtu kabla ya kupiga hesabu yake. Wewe unajua bei anayouzia. Je, unajua bei anayonunulia?»

Neno la mama lilikuwa la kweli. Chumvi haichimbwi Wamaza. Hutoka mbali. Zamani chumvi ya Uvinza, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ilisafirishwa na kuuzwa sehemu nyingi kando ya ziwa hilo na bara. Katika soko la Nyangwe, kwenye mto Lualaba, wanawake walikuja kwa mamia na mamia, wakibadilishana chumvi, samaki, mafuta, kuku na vyungu. Mzungu David Livingstone aliliona soko lile mwaka 1871 na kuandika habari zake. Aliona pia siku ya huzuni: tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwapiga bunduki watu waliokuwa sokoni, na wengi sana wakafa. Basi soko lahitaji amani kwanza. Bila amani hakuna bei, iwe kubwa au ndogo.

Baadaye njia ya reli ilijengwa kutoka Kindu kwenda Kongolo, karibu mwaka 1910. Mizigo mizito ikaanza kufika kwa gari la moshi. Gari la moshi huchukua magunia mengi kwa safari moja, na kwa hiyo gharama ya kila gunia hupungua. Lakini vita vilipoanza mwaka 1998, gari la moshi liliacha kufika Kindu kwa miaka kadhaa. Lilirudi mwaka 2004. Katika miaka ile chumvi ilikuwa adimu sana katika Maniema. Watu waliisukuma kwa baiskeli, siku baada ya siku, kupanda milima na kuvuka mito. Mtu mmoja, baiskeli moja, mizigo michache. Je, chumvi hiyo yaweza kuwa na bei ya chumvi ya gari la moshi? Haiwezekani. Ndani ya kila kikombe kulikuwa na jasho la mtu.

Basi bei ikipanda si kila mara kwamba mtu ameiba. Mara nyingi bei ni kama ngoma inayopigwa. Inawaambia wanunuzi: «Kitu hiki ni kichache, tumieni kwa uangalifu.» Inawaambia pia wachukuzi wa mbali: «Huku chumvi inatakiwa, leteni.» Wachukuzi wakisikia ngoma hiyo huja, chumvi huongezeka, na bei huanza kushuka. Kama mtu akiamuru chumvi iuzwe kwa bei ndogo kuliko gharama ya kuileta, hakuna atakayeileta, na duka litakuwa tupu. Bei ndogo katika duka tupu haitii chumvi katika chungu cha mtu.

Lakini tena, ngoma yaweza kupigwa na mwongo. Mtu akificha magunia chumbani na kusema, «Chumvi imekwisha,» ili auze ghali kesho, huyo anadanganya na kuwadhulumu jirani zake. Na yule apunguzaye kipimo kwa siri, naye ni mwizi, hata kama bei haikuongezeka. Nabii Amosi aliwakemea watu wa namna hiyo zamani sana, waliofanya kipimo kidogo na kuwauzia maskini makapi ya ngano.

Fahamuni hila hiyo ya kipimo. Kikombe cha zamani kilijaa vijiko 10 kwa faranga 500. Kila kijiko kilikuwa faranga 50. Muuzaji akileta kikombe chenye kitako kilichobonyezwa ndani, kinachojaa vijiko 8, bei ikabaki faranga 500, je, bei imekaa mahali pake? Hapana. Kila kijiko sasa ni faranga 62 na nusu. Mnunuzi anayesikiliza bei tu, asitazame kipimo, ni kama mtu anayefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

8. Hesabu ya haki

Siku ya soko iliyofuata mjane alirudi dukani pamoja na mwanawe. Alisalimu, akasema: «Baba, mwanangu ana swali. Umsamehe ikiwa amekosa adabu.»

Mtoto akainama kidogo, akauliza: «Baba, gunia moja lina vikombe vingapi, nawe walinunua kwa bei gani?»

Mwenye duka angeweza kumfukuza. Lakini tangu usiku ule vikombe sita vilikuwa vikimsumbua moyoni. Akasema: «Lete daftari yako, mwanangu. Gunia lina vikombe 100. Hili nililo nalo nililinunua kwa faranga 40,000. Nikiuza kikombe kwa faranga 500, napata faida ya faranga 100.»

«Basi kwa nini umepandisha, baba?»

«Kwa sababu gunia hili likiisha, lazima ninunue jingine. Watu wa baiskeli wananiambia kwamba la pili litakuwa faranga 70,000. Nikiuza hili lote kwa 500, nitapata faranga 50,000 tu. Nitanunuaje la 70,000? Duka litafungwa, nanyi mtatembea mpaka Kasongo kutafuta chumvi.»

Mtoto aliandika, akagawanya. Akasema: «Faranga 70,000 kwa vikombe 100 ni faranga 700. Ukiongeza faida yako ya faranga 100 kama zamani, ni faranga 800.»

Akanyamaza. Hakusema neno lingine. Mama yake naye alitazama chini.

Mwenye duka alitazama ile 800, kisha akatazama mlango uliokuwa na ubao wa bei: 1,000. Kati ya hesabu zile mbili kulikuwa na faranga 200 ambazo hazikutoka kwenye mvua, wala kwenye daraja, wala kwenye jasho la watu wa baiskeli. Zilitoka kwake mwenyewe. Akachukua chaki, akafuta, akaandika 800. Chini yake akaandika: «Kila nyumba vikombe viwili, hata wageni wote wapate.»

Siku ile aliuza vikombe 39. Mwanamke mzee alinunua kikombe kimoja.

Baada ya majuma mawili watu wa baiskeli walifika na magunia. Daraja likatengenezwa, motokari ikapita. Chumvi ikashuka mpaka faranga 550, na sukari ikarudi faranga 700. Lakini mjane hakununua tena vikombe viwili vya sukari. Alinunua kimoja tu, kwa sababu watoto walikwisha kuzoea uji wa karanga. Fedha iliyobaki aliitunza, ili masika mengine yasimkute mikono mitupu. Hivyo bei yaweza kurudi mahali pake, lakini mnunuzi aliyejifunza harudi kila mara mahali pake.

Ya kukumbuka

1. Bei ikipanda, watu hununua kidogo; bei ikishuka, hununua zaidi.
2. Kitu chenye mbadala huachwa upesi. Kitu cha lazima, kisicho na mbadala, hakiachwi ila na maskini kabisa, nao huumia.
3. Anayeuza kitu cha lazima ana nguvu kubwa, na kwa hiyo ana wajibu mkubwa.
4. Bei ya haki hulipa gharama, na kazi ya muuzaji, na faida ya kadiri. Inayozidi hapo kwa sababu mnunuzi hana pa kukimbilia ni dhuluma.
5. Mnunuzi mwenye akili hutazama bei, hutazama kipimo, na hujua kwanza nini aweza kuacha.

Maulizo

1. Kwa nini mama aliacha sukari asiache chumvi, ingawa chumvi ndiyo iliyopanda zaidi?
2. Taja vitu vitatu vya nyumbani kwenu visivyoweza kuachwa, na vitatu vinavyoweza kuachwa bei ikipanda.
3. Majani ya chai yalibaki dukani ingawa bei yake haikubadilika. Eleza sababu.
4. Chumvi ya majivu inafanana na chumvi ya dukani kwa jambo gani? Inapungukiwa na nini?
5. Kwa nini Gandhi alichagua kodi ya chumvi ili aonyeshe dhuluma?
6. Mtu mmoja asema: «Kila apandishaye bei ni mwizi.» Mwingine asema: «Mali ni yangu, nitauza kama nipendavyo.» Onyesha kosa la kila mmoja.

Hesabu

1. Vikombe 40 vilipungua mpaka 34. Ni sehemu ngapi kwa mia? Vikombe vya sukari 30 vilipungua mpaka 6. Ni sehemu ngapi kwa mia? Ni kitu gani kilichoachwa zaidi?
2. Mwenye duka akiuza gunia lote la vikombe 100 kwa faranga 1,000 badala ya 800, atapata faranga ngapi zaidi?
3. Fungu la samaki 12 liliuzwa faranga 1,500. Sasa fungu lina samaki 10, na bei ni ile ile. Kila samaki alikuwa faranga ngapi, na sasa ni faranga ngapi?
4. Siku ya soko inayokuja, mwandikie mama yako bei za vitu vitano na kipimo chake. Fanya hivyo siku nne za soko. Mwambie mwalimu ni kitu gani kilichopanda, na nyumbani mlifanya nini.